Akipiga simu kusema anataka kurudi, utamjibu nini?

HEBU fikiri, msomaji mpendwa, kwamba ni saa tatu usiku na sufuria ya ugali ndiyo kwanza imeepuliwa. Watoto wadogo wamekaa mezani na baba yao anatazama habari kwenye televisheni. Simu yalia. Nambari ni ngeni.

"Mama, ni mimi," sauti yasema.

Ni mwanao. Miaka miwili iliyopita aliaga akisema amepata kazi Mombasa, na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Majirani umewaambia kuwa yuko ng'ambo. Lakini moyoni wajua, kwa minong'ono iliyokufikia, kwamba alivuka mpaka akajiunga na watu wa bunduki. Sasa analia kama mtoto mchanga. "Mama, nimechoka. Nataka kurudi nyumbani."

Utamjibu nini? Utamwambia arudi, hali wajua kwamba huenda akaishia gerezani au kaburini? Utamkatia simu kwa sababu amekuaibisha? Au utakimbia kwa chifu usiku huo huo?

Kisa hiki nimekibuni ili tuanze safari pamoja, lakini jambo lenyewe si la kubuni. Wako wazazi humu nchini walioipokea simu ya aina hiyo, na wengine wangali wanaisubiri.

Tumezoea kusoma jinsi vijana wanavyoingizwa katika makundi ya kigaidi. Ni nadra kuuliza wanatokaje, ilhali wanatoka, tena si wachache. Ukichunguza visa vya wengi wao, utaona jambo moja likijirudia: aliyetoka alimkuta mtu upande wa pili ambaye hakumfungia mlango. Wakati mwingine mtu huyo ni rafiki, wakati mwingine mwanafunzi mwenzake, na wakati mwingine hata afisa wa polisi.

Mwana wa chifu

Tuanzie nyumbani. Mnamo Aprili 2, 2015, watu wenye silaha walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi. Baadaye ilibainika kuwa mmoja wa wauaji hao alikuwa kijana aliyehitimu masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Baba yake alikuwa chifu katika Kaunti ya Mandera. Mzee huyo alikuwa amekwisha kuwaarifu wakuu wa serikali kwamba mwanawe ametoweka, na kwamba alihofia amekwenda Somalia. Tafakari uchungu wa mzazi aliyepiga mbiu ya mgambo, kisha akapata habari kwamba mwanawe alikuwa miongoni mwa wauaji.

Siku chache baada ya mauaji hayo, serikali ilitangaza msamaha. Hayati Joseph Nkaissery, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliwapa siku 10 vijana waliokuwa wamejiunga na Al-Shabaab wajisalimishe, na baadaye muda huo ukaongezwa. Wako waliojitokeza. Wako pia waliorudi kimyakimya, wakajificha kwa jamaa zao na kuishi kama panya walao usiku.

Kwa nini wajifiche ilhali wameahidiwa msamaha? Tutalijibu swali hilo, lakini kwanza tuwafuate wengine waliopita njia hiyo hiyo mbali na hapa.

Ufa wa kwanza

Usidhani, msomaji, kwamba msimamo mkali wa kutumia nguvu ni ugonjwa wa dini moja au wa bara moja. Huko Ujerumani, kijana Ingo Hasselbach wa Berlin Mashariki alikuwa miongoni mwa viongozi waliofahamika sana wa kundi la wafuasi wapya wa Hitler. Alitiwa gerezani na serikali ya Kikomunisti mnamo 1987, na humo gerezani akakutana na watu waliomfundisha chuki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, yeye na wenzake walianzisha chama, wakateka jumba mtaani na kuanza kuwasumbua wageni.

Mnamo Novemba 1992, vijana wenye itikadi kama yake waliteketeza nyumba za Waturuki katika mji wa Mölln. Mama mmoja na wasichana wawili, mmoja wa miaka 10 na mwingine 14, waliungua wakafa. Hasselbach hakuwasha moto huo, lakini alijua kwamba maneno ya watu kama yeye ndiyo yaliyotia mafuta.

Hata hivyo, ufa ulikuwa umekwisha kuanza. Mtengenezaji filamu mmoja, Winfried Bonengel, alikuwa amekuja kumrekodi, na mazungumzo ya kazi yakageuka kuwa urafiki. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, Hasselbach alikuwa na mtu wa nje wa kuzungumza naye bila kupiga saluti. Mapema 1993 alijitenga na wenzake hadharani.

Wenzake hawakumsamehe. Mama yake alitumiwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, na ilikuwa ni bahati tu kwamba halikulipuka. Mnamo 2000, Hasselbach alishirikiana na Bernd Wagner, aliyekuwa mpelelezi wa polisi, kuanzisha mradi wa kuwasaidia wengine kutoka. Miradi kama huo ilikuwa imekwisha kuanzishwa Norway na Sweden miaka michache kabla.

Kisa hiki chatufunza kwamba kutoka huanza na ufa mdogo. Mtu huona jambo asiloweza kulimeza, kama vile watoto waliouawa au kiongozi anayehubiri umaskini huku akila kuku. Mnamo 2023, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa ripoti baada ya kuwahoji karibu watu 2,200 katika nchi nane za Afrika, Somalia ikiwemo. Zaidi ya 1,000 kati yao walikuwa wamewahi kuwa wanachama wa makundi hayo.

Miongoni mwa waliojiunga kwa hiari, asilimia 25 walisema sababu yao kuu ilikuwa kutafuta kazi. Waliotaja dini walikuwa asilimia 17. Na walioamua kutoka walitoa sababu ambazo hata mfanyakazi wa jua kali angezielewa: ahadi hazikutimizwa, hasa za fedha, na viongozi hawakuaminika tena.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, yule kijana huko porini hasubiri tu hotuba ya kumwonyesha kosa lake. Huenda kosa amekwisha kuliona. Analokosa ni mahali pa kukanyaga akiinua mguu.

Chakula cha Ijumaa

Nyinyi wanafunzi, kisa hiki kinachofuata ni chenu.

Katika jimbo la Florida, Marekani, kulikuwa na kijana aitwaye Derek Black. Baba mzazi, Don Black, ndiye aliyeanzisha mtandao wa Stormfront mnamo 1995, ambao kwa miaka mingi ulikuwa baraza kubwa la wazungu wanaojiona bora kuliko watu wa rangi nyingine. Derek alilelewa awe mrithi. Tangu utotoni alichangia kazi hiyo, na baadaye akawa na kipindi chake cha redio.

Mnamo 2010, Derek alijiunga na chuo kidogo kiitwacho New College bila kumwambia mtu yeyote habari za kwao. Mwaka uliofuata siri ilifichuka. Wanafunzi walikasirika, na wengi wakakataa hata kumwamkia.

Mwanafunzi mmoja, Matthew Stevenson, alikuwa Myahudi mshika dini. Kila Ijumaa jioni alikuwa akiwaalika rafiki zake kwa chakula cha kuikaribisha Sabato, naye akamwalika Derek, mtu ambaye jamaa zake walikuwa wakiwatukana Wayahudi mchana kutwa. Waalikwa wengine waliombwa wasianzishe mjadala wa siasa mezani. Baadhi yao waligoma kuja. Derek alikuja, na Ijumaa iliyofuata akaja tena.

Hakuna aliyemhubiria. Walikula wakazungumza masomo na mambo ya kawaida. Miezi ikapita. Baadaye rafiki mwingine wa chuoni alianza kumuuliza maswali, akamletea takwimu na utafiti, wakachambua moja baada ya jingine yale madai aliyolelewa nayo. Yakaporomoka. Mnamo 2013, Derek aliandika barua ya wazi kuikana itikadi ya nyumbani kwao, akijua wazi kwamba angewaumiza wazazi wake.

Lakini tusikiongezee sukari kisa hiki. Derek mwenyewe amewahi kueleza kwamba hasira ya wanafunzi waliomkataa ilikuwa na kazi yake pia, maana ilimwonyesha kuwa maneno yake yanawaumiza watu. Lawama ilimwamsha, na ile sahani ya Ijumaa ikampa pa kwenda alipoamka. Lawama peke yake ingemrudisha kwa wale wale waliomlea.

Pingu zilipofunguliwa

Huenda wasema: huyo alikuwa mtoto wa maneno tu, hakushika bunduki. Basi tazama mtu aliyeishika.

Nasir Abas ni mtu aliyekulia Malaysia, akaenda mafunzoni Afghanistan akiwa kijana wa miaka 18. Alipanda vyeo hadi akawa mmoja wa makamanda wa Jemaah Islamiyah, kundi lililoilipua Bali, Indonesia, mnamo Oktoba 12, 2002 na kuwaua watu 202. Baadhi ya waliofanya unyama huo walikuwa wamepitia mikononi mwake katika mafunzo ya kijeshi, na mmoja wao alikuwa shemeji yake. Abas mwenyewe alikuwa akipinga kuua raia, na mauaji ya Bali yalimkera.

Alipokamatwa mnamo Aprili 2003 alipambana na polisi, akitumaini, kama alivyosimulia baadaye, kwamba wangempiga risasi afe. Hawakumwua. Alitarajia mateso, lakini mkuu wa polisi aliyekuja kumhoji alimfungua pingu na kuzungumza naye kwa heshima. Polisi aliowaita maadui wa dini walikuwa Waislamu kama yeye, walioswali kama yeye. Ukuta aliojengewa kichwani ulianza kubomoka.

Alifungwa kwa muda mfupi. Baada ya hapo alianza kwenda magerezani kuzungumza na wafungwa wa kundi lake la zamani. Walimsikiliza kwa sababu aliyajua maisha yao.

Sasa linganisha hayo na yale ambayo ripoti ya UNDP iliyaonyesha. Wengi kati ya waliosema lilikuwepo tukio maalumu lililowasukuma kujiunga, yaani asilimia 71, walitaja dhuluma za kukiuka haki za binadamu, mara nyingi kutoka kwa vyombo vya serikali. Ndugu ameuawa, baba amebebwa usiku. Askari anayempiga kijana asiye na hatia anawafanyia kazi wale wale anaowawinda.

Maji ukiyavulia nguo

Turudi kwa swali tuliloliacha. Kwa nini waliorudi hapa Kenya wajifiche?

Kwanza, ni sheria. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inasema kwamba kuwa mwanachama wa kundi la kigaidi ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani kwa muda wa hadi miaka 30. Msamaha wa 2015 ulitangazwa na waziri, lakini haukuandikwa katika sheria hiyo. Mama anayemshauri mwanawe ajisalimishe anajiuliza kama hampeleki kwenye miaka 30.

Pili, ni hofu ya kifo kutoka pande mbili. Makundi haya hayamwachi mtu aende zake. Omar Hammami, Mmarekani wa jimbo la Alabama, alikuwa sura maarufu ya Al-Shabaab. Hakuwa hata ameiacha itikadi. Alihitilafiana tu na wakubwa. Mnamo 2012 alijitokeza kwenye video akisema anahofia maisha yake, na Septemba 2013 wenzake wakamwua. Upande wa pili, mashirika ya haki za binadamu ya Pwani yameandika visa vya washukiwa na vijana waliorudi ambao waliuawa au kutoweka, wengine baada ya kuchukuliwa na watu wasiojulikana.

Hapo ndipo methali yetu inapogeuzwa silaha. Waliomnasa kijana humwambia: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Umekwisha kula kiapo na kwenu wamekukana, kwa hivyo huna pengine pa kwenda. Kila tunapoifunga njia ya kurudi, tunayathibitisha maneno yao.

Tatu, kuna kutoelewa maana ya kutoka. Mtafiti John Horgan, aliyewahoji wengi waliotoka na kuandika kitabu mnamo 2009, anatenganisha mambo mawili. Kuna kuweka silaha chini, na kuna kubadili fikira. Mtu aweza kuacha vita kwa uchovu huku kichwani bado ana mawazo yale yale. Mabadiliko ya moyo huja polepole, na pengine yasije yote. Anayengoja mwanawe arudi akiwa malaika atangoja sana.

Nchini Somalia wamejaribu njia moja. Wanaojisalimisha huchunguzwa kwanza, na wale wasioonekana kuwa wa hatari kubwa hupelekwa katika vituo kama kile cha Serendi mjini Mogadishu. Huko hupewa ushauri na mafundisho ya dini, hufundishwa ufundi, na familia zao hutafutwa kabla hawajaachiliwa. Hapa kwetu, serikali ilizindua mkakati wa kitaifa mnamo 2016, kisha kaunti zikaanza kutunga mipango yao, Kwale ikiwa ya kwanza mnamo 2017. Lakini mpango ulio kwenye karatasi haumpi kijana kibarua, wala haumfanyi jirani amwamkie.

Na waliofiwa je?

Najua kuna anayesoma haya akiwa na donge kooni. Huenda ulimpoteza mtoto Garissa, au ndugu pale Westgate mnamo 2013, au rafiki katika hoteli ya DusitD2 mnamo 2019. Wajiuliza: mbona huruma yote hii iwe ya muuaji?

Una haki ya kuuliza. Aliyemwaga damu lazima ajibu mahakamani, na kurudi nyumbani si kufutiwa jinai. Huruma kwa anayerudi isiwe dharau kwa aliyefiwa. Lakini kati ya wanaokwenda wamo wapishi, wapagazi, waliodanganywa kwa ahadi ya kazi, na wasichana waliolazimishwa kuolewa. Tukiwafungia wote mlango kwa kufuli moja, tutawaacha huko wafanywe wauaji. Kila anayetoka kabla ya kuua ni mazishi ambayo hatutayahudhuria.

Ewe mzazi, ufanye nini?

Kwanza, zitambue dalili mapema, na usizichanganye na uchaji. Kijana anayeswali sana au anayefuga ndevu hana kosa. Angalia akiacha masomo ghafla, akiwatenga rafiki zake wote wa zamani, akianza kuwaita jamaa zake makafiri au wasaliti, akiuza vitu vyake bila sababu, au akizungumzia safari ambayo hawezi kuieleza.

Pili, usikimbilie kushindana naye kwa hoja. Amefundishwa majibu ya hoja zako zote. Muulize habari zake: analala wapi, anakula nini, nani anamlipia nauli. Mtafute mtu anayemheshimu, awe imamu, mwalimu wake wa zamani au mjomba, ambaye atamsikiliza kabla ya kumrudi.

Tatu, ikiwa wajua kwamba kuna shambulio linapangwa, usingoje hata dakika. Piga ripoti. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapa watakaolia ni wengi.

Nne, akisema anataka kurudi, usimfiche wala usimtupe. Tafuta wakili au shirika la haki za binadamu kabla hajajisalimisha, ili ajulikane amefika mikononi mwa nani, lini, na akiwa katika hali gani. Mtu aliyepelekwa mchana, akifuatana na wakili na wazee wa mtaa, si rahisi kupotea.

Tano, mkisha kumpokea, msimwache peke yake na kimya. Mtafutieni kazi ya mikono na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Anayerudi akakuta kila mlango umefungwa ataukumbuka ule mmoja uliokuwa wazi, hata kama ni wa wale wale aliowakimbia.

Na nyinyi vijana wa vyuoni, mwenzenu akianza kusema maneno ya ajabu, mwambieni wazi kwamba amekosea. Kisha, kesho yake, mwiteni mle naye chakula.

Sasa simu ile bado iko mkononi mwako. Watoto wamenyamaza wakikutazama, na baba yao amezima televisheni. Ng'ambo ya pili mtu anapumua, akingoja kujua kama bado ana kwao. Mengine yote, ya wakili na ya polisi, yana wakati wake na yatafuata. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na neno la kwanza ni lako wewe.

Muulize: "Uko wapi, mwanangu? Umekula?"